Mstari wa Mheshimiwa

Kama kulikuwa na mtu asiye na haki ya kumlilia Kitana, mtu huyo alikuwa Marashi, na ndiye aliyelia kuliko wote. Alilia redioni, alilia mbele ya wateja, alilia hata kwenye simu akizungumza na fundi wa umeme. Kila alipomaliza alijifuta macho kwa leso yenye harufu ileile iliyompa jina, harufu tamu na nzito iliyoingia saluni kabla yake na kubaki hata akishaondoka. Dada yake Kitana, aliyekuwa msusi upande wa pili wa pazia, alikwishazoea kila harufu ya kazi ile: dawa za nywele, mashine zilizopata moto, vichwa visivyoonja maji wiki nzima. Hiyo moja tu ndiyo iliyompandisha nyongo.

Kitana alikuwa kinyozi hapo kwa Marashi. Alikuwa na mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi, na kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe mchana kutwa. Alikuwa pia mchelewaji wa kutupwa. Asubuhi moja alichelewa, Marashi akamfukuza mbele ya wateja, akamtupia aproni yake barabarani. Kabla mwezi haujaisha kijana akajiandikisha jeshini, kwa sababu siku hizo jeshi peke yake ndilo lililokuwa likichukua watu. Wakampeleka kupigana ng'ambo, katika vita ambavyo hakuna mtu mtaani aliyeweza kueleza vilianzia wapi wala vilimhusu nani. Akafa huko, akazikwa hukohuko.

Nyumbani uliletwa mkoba wa nguo zake na picha moja. Picha ilionyesha uwanja wa majani mafupi na mawe meupe yamepangwa safu baada ya safu, mpaka yale ya nyuma yakawa madogo kama punje za mchele. Moja lilikuwa la Kitana. Lipi, hakuna aliyesema, na kila ofisi waliyoiuliza iliwaelekeza kwa nyingine.

Baba yake alikuwa mjane, fundi wa kufuli mwenye kibanda cha kuchonga funguo. Alikuwa mtu wa maneno machache na subira ya kuudhi. Picha ile aliitoa mfukoni kila alipopata nafasi, akaweka kidole juu ya jiwe moja na kusema, "Nadhani ni hili." Kesho yake kidole kilikuwa kimehamia jingine.

Tena kulikuwa na jambo la nywele. Tangu Kitana ajifunze kazi, kichwa cha baba yake hakikuwahi kuguswa na kinyozi mwingine. Alikuwa akimkalisha uani juu ya kigoda, anamwanzia kisogoni, anapanda taratibu, na utosi anaufikia mwisho. "Nikianzia mbele utaziona mvi zikianguka, utanikimbia," alikuwa akimwambia, na mzee alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuyasikia maneno hayo. Habari ya kifo ilipofika, alisema hatanyoa mpaka aonyeshwe jiwe la mwanawe. Alisema mara moja tu. Nywele zikaota, zikavimba, zikaishinda kofia, chembe za chuma kutoka kwenye funguo zikajaa humo na kumetameta juani. Watu wakazoea.

Marashi naye hakulala. Vita vilipoisha na redio zikaanza kuwasifu waliokufa, yule kijana aliyetupiwa aproni akageuka kuwa mwanawe wa kumzaa. Alichukua kiti cha kwanza pale dirishani, akakizungushia kamba nyekundu, akabandika kibao: KITI CHA SHUJAA. Wateja walipiga picha wamesimama kando yake, nyuso zimekunjwa kwa heshima, halafu walikwenda kuchagua mtindo wa nywele. Dada mtu aliyaona hayo kila siku kupitia upenyo wa pazia. Alijua kwamba kiti cha mdogo wake kilikuwa kile cha mwisho, mlangoni mwa choo, kilichovunjika pa kuwekea miguu. Lakini pale chooni picha zisingetoka vizuri.

Siku moja Marashi alimwita ndani ya kile chumba kidogo alichokiita ofisi.

"Kaa, dada yangu."

"Acha tu nisimame, Bosi. Nimeacha kichwa cha mtu nusu."

"Mheshimiwa anakuja." Alishusha sauti kama mtu aliye karibu na mgonjwa. "Siku ya kuwakumbuka mashujaa. Anakuja hapa, kwetu. Na atamnyoa Mzee."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kiti cha marehemu. Hebu fikiria picha hiyo. Mzazi anafutwa machozi na taifa zima."

"Baba hanyolewi. Na sababu unaijua."

"Ndiyo raha yake hiyo, dada. Zile nywele ndizo zinazotakiwa." Alizitaja kama mtu anayetaja gunia lililomo stoo kwake. "Mwambie asizichane. Wala asizioshe. Aje nazo zilivyo."

Dada mtu alisogea nyuma hatua moja, mbali na leso.

"Na baba atapata nini?"

"Kaburi," alisema Marashi, akatabasamu. "Mheshimiwa atampeleka ng'ambo mpaka kaburini. Ndege, gari, mtu wa kumwongoza. Ameahidi."

Alirudi kwenye kichwa alichokiacha, akasuka vibaya mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

Alimkuta baba yake kibandani, amebana ufunguo kwenye jiliwa na kuukwangua kwa tupa. Alimweleza yote bila kupunguza neno, hata lile la kutokuosha nywele. Mzee aliendelea kukwangua.

"Aliahidi mwenyewe?"

"Marashi anasema aliahidi."

"Nitakwenda."

"Baba, hicho kiti si cha mdogo wangu. Hata makalio yake hayajawahi kukigusa."

"Hata wakinikalisha juu ya ndoo, nitakaa."

"Watakuchezea. Hao wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nawe unawainamia."

Mzee alipuliza vumbi la chuma, akaujaribu ufunguo kwenye kufuli. Haukuzunguka. "Mama," akasema, kwa jina alilomwita binti yake tangu utotoni, "mimi nataka jiwe moja tu. Wao wanataka nywele. Acha wazichukue, mimi nina nywele nyingi."

Aliondoka amemkasirikia, kisha akajikasirikia kwa kumkasirikia. Njia nzima alitafuta maneno ya kumzuia asiyapate, kwa kuwa naye alilitaka jiwe lile.

Siku yenyewe ilipofika, mtaa ulifungwa, mahema yakasimamishwa na vipaza sauti vikaanza kukoroma kabla ya mtu yeyote kusema kitu. Mheshimiwa alishuka garini amevaa aproni nyeupe aliyoshonewa maalumu, jina lake limedariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Mikono yake ilikuwa minene na laini. Nyuma yake alikuja katibu wake, kijana mwembamba wa suti aliyekuwa akitembea huku akitazama simu.

Marashi alipewa nafasi ya kuzungumza kwanza. Alisema Kitana alikuwa wa kwanza kufika kazini kila asubuhi. Alisema siku ya mwisho kijana alipiga magoti mbele yake na kumwambia, "Bosi, nakwenda kulinda heshima yetu, nipe baraka zako," naye akampa. Alisema tangu siku hiyo hajapata usingizi kamili. Leso ikatoka, harufu ikasambaa. Dada mtu, aliyepewa sinia lenye taulo na poda alishike kando ya kiti, aliibana mikono yake kwenye sinia mpaka kucha zikawa nyeupe. Alimtupia jicho baba yake. Mzee alikuwa akimsikiliza Marashi kwa makini, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wa jirani.

Kisha Mheshimiwa alihutubia, na hotuba ilikuwa ndefu, na Kitana alikuwemo mwanzoni tu. Barabara zilikuwemo, maji yalikuwemo, wapinzani walikuwemo sana. Harufu ya nyama ilianza kutoka kwenye hema la chakula, wasikilizaji wakaanza kugeuza shingo. Hapo ndipo alipokumbuka kilichomleta.

Kamba nyekundu ikafunguliwa, mzee akakalishwa na kufungwa shuka shingoni. Wapiga picha walisogea mpaka mmoja akakanyaga mguu wake bila kuomba radhi. Mheshimiwa alikabidhiwa mashine, akaishika kichwa chini miguu juu. Marashi akamgeuzia.

"Kidogo kulia, Mheshimiwa," alisema mpiga picha. "Mzee, tazama mbele. Usitabasamu."

Mzee hakuwa akitabasamu.

Mheshimiwa aliweka mashine kwenye paji la uso na kuisukuma kwenda nyuma. Ilisaga chembe za chuma, ikanguruma, ikakwama. Mzee alifumba macho. Mheshimiwa akaongeza nguvu, mashine ikapita mpaka utosini na kushuka nyuma, nywele zikaanguka kwa mafungu juu ya kope za mzee, puani na midomoni. Watu wakashangilia. Mpiga picha akainua kidole gumba.

"Imetosha, Mheshimiwa. Tumeipata."

Na kweli ikatosha. Mheshimiwa alimpa katibu mashine, katibu akampa Marashi, Marashi akaiweka kwenye sinia, na wote watatu wakaelekea kwenye nyama. Wapiga picha wakawafuata, kisha watu wote. Mtaa mzima ulimpa mzee kisogo kwa muda usiozidi ule wa kumeza mate.

Alibaki na shuka shingoni, mbele ya kioo. Katikati ya ule msitu wa nywele kulikuwa na mstari mmoja, upana wa mashine, kutoka paji la uso hadi kisogoni. Pembeni mwake pametoka damu kidogo. Alitema nywele kwa ncha ya ulimi, moja moja.

Binti yake aliweka sinia chini. Alichukua mashine. "Inamisha kichwa, Baba. Namalizia haraka, twende nyumbani."

Mzee alimshika mkono. "Acha."

"Huwezi kutoka hivyo."

"Mimi nimeshatoa. Sasa ni zamu yake."

Akainuka, shuka bado liko shingoni, akaenda hemani. Watu walimpisha, wengine wakiziba midomo. Mheshimiwa alikuwa ameshika mfupa.

"Mzee wetu, umependeza sana," alisema bila kuinua macho.

"Asante. Nimekuja kuuliza siku."

"Siku gani?"

"Ya kwenda kwenye jiwe la mwanangu."

Mheshimiwa alimtazama katibu. Katibu alimtazama Marashi. Marashi aliitazama soda yake kana kwamba kuna inzi ndani.

"Mzee wangu," alisema Mheshimiwa, na sauti yake ikawa ile ya kwenye kipaza sauti, "kaburi la shujaa haliko ng'ambo." Akajipiga kifua, mkono wenye mafuta ukaacha doa juu ya jina lake la dhahabu. "Liko hapa. Limo mioyoni mwetu sote."

Waliokuwa karibu wakapiga makofi, mikono bado na mchuzi. Mzee aliwasubiri wamalize.

"Kama yumo humo, basi nitakuja kumtazama humo," akasema. "Ofisi yako inafunguliwa saa ngapi?"

Mheshimiwa aliangua kicheko, akamgonga begani. "Kwa mzee kama wewe, mlango wangu uko wazi siku zote."

Wote wakacheka. Mzee akavua shuka, akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa Marashi.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alivaa shati safi, akaacha kofia nyumbani, akaenda kuketi kwenye benchi la mapokezi katika ofisi ya Mheshimiwa. Ukutani juu ya benchi hilo walikuwa wameshatundika picha mpya, kubwa kama meza: Mheshimiwa akimnyoa mzazi wa shujaa. Kila aliyeingia aliitazama picha, kisha akateremsha macho akakutana na kichwa chenyewe. Wengi walicheka kwanza. Halafu mmoja aliuliza, "Mzee, kulikoni?"

"Mheshimiwa alinianza," alijibu. "Namsubiri amalizie."

Hakuongeza neno. Alisema hivyohivyo kwa kila aliyemuuliza, kwa mfagiaji na kwa mkandarasi, bila kulalamika na bila kutabasamu. Kesho yake akarudi. Na kesho yake tena. Mheshimiwa akaanza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Binti yake, hebu tuseme ukweli, aliona aibu mwanzoni. Alipokuwa akitembea na baba yake barabarani, watoto walimfuata nyuma, wakubwa walimwangalia yeye, msusi mzima anayeacha baba yake azurure hivyo. Alimsihi. Alimwambia anawachekesha watu. "Ndiyo, wanacheka," alikubali mzee, "lakini wanauliza." Taratibu aibu ikahamia kwa wenyewe. Wateja walianza kuchungulia saluni na kumuuliza Marashi kwa upole wa kinafiki, "Hapa ndipo mnaponyoa nusu?" Marashi aliondoa kibao, akakata kamba nyekundu, akasema kiti kinapelekwa kutengenezwa. Kilisukumwa mpaka kule chooni. Dada mtu alidhani angefurahi kukiona huko. Hakufurahi. Alikipita tu, kama mtu anavyopita uchafu wa mbwa.

Siku moja asubuhi katibu aliingia saluni, safari hii simu iko mfukoni.

"Dada, tunakuomba. Ukamnyoe Mzee. Gari liko nje."

"Na kaburi?"

"Linashughulikiwa."

"Ni jiwe lipi?"

"Hayo ni mambo ya kiofisi, yana utaratibu wake. Leo mchana tunapokea wageni wazito. Haipendezi wamkute pale katika hali ile."

"Marehemu aliitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo aliyemo mioyoni mwenu."

Katibu alifungua kinywa. Macho yake yalikwenda ukutani, mahali kibao kilipokuwa, yakakuta tundu za misumari. Akafunga kinywa. Kutoka nyuma ya pazia Marashi akadakia, "Nenda, dada, nenda. Mungu atakulipa. Tumechoka sote."

Alimtazama bosi wake, mashavu yake yanayong'aa kwa mafuta, leso yake mkononi, na akaona kwamba hana hata tusi la kumpa. Alichukua mashine ya betri, kitambaa na kioo kidogo, akavitia kwenye mkoba, akatoka.

Baba yake alikuwa benchini. Hakuwa ameketi wima kama siku za mwanzo. Binti alipofika karibu ndipo alipoona kitu ambacho nyumbani, kwa kumwona kila siku, hakikumjia: mstari ulikuwa umeota. Nywele fupi, nyeupe, zilikuwa zimeujaza, na zile ndefu za pembeni zimeanza kuuinamia. Alipokuwa bado amesimama pale, watu watatu waliingia, wakamsalimu mzee, wakapita.

"Wameanza kunipita," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Tangu juzi. Hawaulizi tena."

Katibu alikuwa mchangamfu ghafla. Alitandaza magazeti sakafuni mwenyewe, akavuta kiti, akamwambia msichana wa mapokezi alete maji. "Haraka tu, dada. Mzee atoke kijana."

Mzee aliketi kitini na kumtazama binti yake. Hakumwambia afanye nini. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu habari ije alionekana mtu anayeweza kushindwa. Dada mtu aliuwazia mlango wa nyuma, nyama, doa la mafuta kifuani, wageni wazito watakaopita hapa na kukuta sakafu imefagiwa na benchi liko tupu, na Kitana amemezwa moja kwa moja. Akafunga kitambaa shingoni mwa baba yake. Akawasha mashine.

Akaipitisha katikati, kutoka paji la uso hadi kisogoni, palepale alipopita Mheshimiwa. Akarudia mara ya pili mpaka ngozi ikang'aa, akaunyoosha ukingo wa kushoto, akaunyoosha wa kulia. Kisha akazima mashine, akampangusa kwa upande wa kitambaa usio na nywele.

"Umesahau pembeni," alisema katibu.

"Sijasahau."

"Dada, huwezi kumwacha hivyo."

"Si mimi niliyemwacha hivyo."

Msichana wa mapokezi aligeuza uso ukutani, mabega yakitikisika. Mlangoni gari liliwasili, milango ikafunguliwa na kufungwa, sauti za wageni zikasikika zikikaribia. Katibu alisimama na bakuli la maji mikononi, hajui aliweke wapi.

Mzee alirudi kwenye benchi lake chini ya picha. Akaketi wima, mikono magotini.

"Mstari unaonekana?"

"Unaonekana, Baba."

"Hata kutoka mlangoni?"

Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka, akatazama. "Hata kutoka mlangoni."

"Haya, mama. Nenda kazini."